Siku moja na nusu Falun, Uswidi: tuanze na mgodi au makumbusho?

FundiSection58, Nakuru

Wadau, habari za leo. Tuko wanne kutoka chuo cha ufundi hapa Nakuru: wawili tunafundisha kazi za vyuma, mmoja useremala, mmoja ushonaji. Mwezi wa sita tutakuwa Borlänge, Uswidi, kwa mafunzo ya wiki mbili. Ratiba imetuachia Ijumaa tarehe 19 kuanzia saa sita mchana, halafu Jumamosi kutwa nzima. Wenyeji wanasema twende Falun, kuna mgodi wa shaba wa kale na makumbusho ya mkoa, vyote mji mmoja.

Tuanze na kipi? Chini ya ardhi baridi ni ya kiasi gani, na viatu gani vinafaa? Mshonaji wetu atapata kitu cha kuangalia ama ni mashine tupu? Na wale farasi wekundu wa mbao, tunaweza kufika wanakochongwa? Pesa taslimu tubebe kiasi gani? Hatutaki kurudi na picha za milango. Tunataka vitu vya kufundishia.

DungaMashariki, Kisumu

Mwalimu, kabla hatujaingia mgodini, tazama hiyo tarehe vizuri. Ijumaa tarehe 19 Juni ni Midsommarafton, mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi. Kila mwaka huangukia Ijumaa iliyo kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Kwa Waswidi hiyo ni kama Krismasi kwetu: ofisi zimefungwa, maduka yanafunga mapema, mabasi yanafuata ratiba ya sikukuu, na mji mzima umehamia mashambani. Mkifika Falun saa saba mchana siku hiyo mnaweza kukuta karatasi mlangoni imeandikwa "Stängt", yaani pamefungwa, na hakuna hata wa kumuuliza.

Waombeni wenyeji wabadilishe, wawape Alhamisi mchana tarehe 18. Borlänge hadi Falun kwa treni ni kama dakika 20, kwa hiyo hata mkitoka saa sita mnafika mapema. Alhamisi ingieni makumbusho ya mkoa, jina lake Dalarnas museum. Jumamosi mgodi, lakini tu kama kalenda ya mgodi wenyewe inaonyesha ziara siku hiyo. Kateni tiketi mtandaoni, ya saa maalum, na mchague ziara ya Kiingereza. Halafu someni saa kwa makini: 11:00 kwao ni saa tano asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana. Kikundi kizima kinaweza kukosa zamu kwa sababu mmoja alisoma 11:00 akawaza saa kumi na moja jioni.

Kichekesho ni kwamba sikukuu hiyo hiyo itakayowafungia milango ndiyo iliyowaokoa wachimbaji. Tarehe 25 Juni 1687, wakati wa mapumziko ya Midsommar, kuta za mwamba zilizotenganisha mashimo makubwa ziliporomoka pamoja na dari za njia zilizokuwa chini yake. Hakufa hata mtu mmoja, kwa kuwa wote walikuwa mapumzikoni. Shimo lililobaki linaitwa Stora Stöten. Kina chake ni karibu mita 100 na upana unapita mita 300, na ndilo mtakaloliona kwanza mkifika juu. Chanzo chake hakina siri yoyote: karne nyingi za kuchimba bila mpango mmoja, kila kikundi kikifuata mshipa wake wa shaba na kuzinyoa nguzo zilizoachwa kubeba dari. Aliyewahi kuchungulia mashimo ya dhahabu ya Kakamega au Migori haelezwi mara mbili.

Ziara ya chini ni ya saa moja hivi, na mwongozaji, hadi mita 67. Mgodi wote ulifika karibu mita 600, kwa hiyo mnaonja tu. Joto mle ndani ni nyuzi 5 au 6, kiangazi na kipupwe. Alfajiri ya Nakuru mwezi wa saba hucheza kwenye nyuzi 10. Chukua karibu nusu yake, ongeza unyevu. Mnapewa kofia ngumu na joho la kujikinga na matone. Sweta nzito na soksi ni juu yenu. Viatu viwe vya soli ya mpira yenye meno, kwa sababu njia ni mbichi na ngazi zinateleza. Msivae nguo nyeupe: maji yanayodondoka yana chumvi za chuma, na yakikaukia kwenye shati huacha doa la kutu ambalo sabuni ya kawaida haiwezi kulitoa. Na simu ikitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto la juu, lenzi itajaa ukungu. Iacheni mfukoni dakika kumi, itakauka yenyewe.

FundiSection58, Nakuru

Asante sana, hiyo ya tarehe imetuokoa. Nimeshawaandikia wenyeji. Mwenzetu mmoja ana goti bovu, na mwingine hapendi kabisa mahali pa kubana. Washuke ama wabaki?

DungaMashariki, Kisumu

Mita 67 ni kama jengo la ghorofa ishirini na mbili. Mwenye goti aulize wakati wa kukata tiketi kama lifti inafanya kazi siku hiyo, na kwa kupanda tu ama na kushuka pia. Asiache swali hilo hadi afike chini.

Anayeogopa kubanwa aamue akiwa bado mlangoni. Mwongozaji ni mmoja na kikundi ni kimoja, kwa hiyo kumrudisha mtu katikati ya safari kunawasumbua wote. Akishuka, akae karibu na mwongozaji, si nyuma. Kubana kwenyewe ni kwa vipande vipande: unainama kwenye njia fupi, halafu unatokea kwenye ukumbi mkubwa kama kanisa.

Wakibaki juu hawakosi mambo. Kuna njia ya miguu kuzunguka shimo, kuna mnara wa mbao wa shimo la Creutz na nyumba ya gurudumu la maji, na kuna Gruvmuseet, makumbusho ya mgodi wenyewe. Eneo zima liko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na uchimbaji ulikoma Desemba 1992.

Kondele_Juakali, Kisumu

Nyinyi wawili wa vyuma, hapo Gruvmuseet msipoteze muda kwenye makabati ya mawe yanayong'aa. Nendeni kwenye mifano ya mitambo, hasa kazi za Christopher Polhem, aliyeishi 1661 hadi 1751 na kujenga mashine za kupandishia mawe hapo Falun. Halafu muulize mwongozaji kuhusu kitu Waswidi wanachokiita stånggång. Hicho kimoja kinatosha somo la wiki nzima.

Tatizo lilikuwa hivi. Maji yanajaa shimoni na lazima yapampwe usiku na mchana. Nguvu iko mtoni, kwenye gurudumu la maji, ila mto uko mbali na shimo. Stima haijazaliwa. Wakafanya nini? Kwenye ekseli ya gurudumu waliweka krenki. Krenki inavuta fito mbili ndefu za mbao zinazokwenda sambamba, moja ikienda mbele nyingine inarudi. Fito hazilali chini, zimeshikwa na mikono inayobembea juu ya nguzo, nguzo baada ya nguzo, kupanda mlima na kushuka hadi kwenye pampu.

Waulize wanafunzi kwa nini fito ni mbili. Wengi watasema ni kwa ajili ya kusawazisha uzito, na si uongo, ukienda huku mzigo wa hii unasaidia kuirudisha ile. Lakini kuna sababu nyingine ya ufundi. Ufito mrefu ukiuvuta unabaki umenyooka, ukiusukuma unapinda katikati. Ukiwa na mbili, kila wakati kuna moja inayovuta, kwa hiyo hakuna haja ya kutumia gogo nene kwa ajili ya kusukuma tu.

Kinachoharibika ni maungio. Tuseme kila ungio lina mlegezo wa milimita 2 na njia nzima ina maungio 50. Hapo umepoteza sentimita 10 za mwendo kabla pampu haijasogea. Krenki yako ikiwa na mwendo wa sentimita 60, moja ya sita imeliwa na mapini yaliyochakaa. Ndiyo maana walihitaji watu wa kupita na grisi na kabari kila siku. Darasani tengenezeni kwa rimu ya baiskeli, fito za paini za mita 2 na boliti za namba 10. Toboeni matundu ya boliti kwa biti ya 10 kwanza, pimeni mwendo wa mwisho, halafu yapanueni kwa biti ya 12 mpime tena. Mwanafunzi akiona rula yenyewe ikisema, hasahau.

Jambo la pili ni kamba. Kwa muda mrefu mawe yalipandishwa kwa kamba za ngozi ya ng'ombe maksai, na ngozi zilizohitajika zilikuwa nyingi mno. Nyama yake ikabaki. Ikakaushwa kwa moshi na chumvi, ikatengenezwa soseji, na huko ndiko ilikotoka falukorv inayouzwa kila duka la Uswidi mpaka leo. Yaani soseji iliyo kwenye sahani yao ni mabaki ya winchi.

La tatu ni moto. Kabla ya baruti kuzoeleka, mwamba ulipasuliwa kwa kuni: unarundika magogo ukutani, unawasha jioni, unaondoka, mwamba unapata joto na kupasuka, asubuhi unabandua kwa nyundo na mitaimbo. Mkiona kuta za njia za kale zina duara laini kama ndani ya chungu, ni kazi ya moto. Kuta zenye makali na mistari ya kekee ni za baruti. Mkilijua hilo mnaweza kuusoma umri wa njia bila kibao.

Mkipitia Stockholm wakati wa kurudi, Polhem ana kitu kingine pale Tekniska museet: alfabeti ya mashine. Alichonga vipande vidogo vya mbao, kila kimoja kikionyesha mwendo mmoja, kama krenki, kemu, gia, kapi. Alisema mashine haijengwi bila nyenzo za msingi kama neno lisivyoandikwa bila irabu, na irabu zake zilikuwa tano. Sisi wenye a, e, i, o, u hapo hatuhitaji mkalimani.

KibuyuMilimani, Kisumu

Mafundi mmekula nafasi yote. Acheni niseme ya mshonaji, na pia nipinge kidogo: mimi ningeanza na makumbusho ya mkoa hata kama mgodi uko wazi siku hiyo. Ukianza na mgodi unaondoka na shaba kichwani, kisha ukiona nguo na picha za ukutani unaziona kama mapambo. Hayo yalikuwa maisha ya watu, na mgodi ulikuwa kazi.

Kwanza jina. Mkoa ni Dalarna, maana yake mabonde. Farasi wao wanaitwa dalahäst. Mjaluo wa hapa akisikia "dala" anafikiri nyumbani, na kwenye Makumbusho ya Kisumu kuna boma la Kijaluo linaloitwa Ber Gi Dala. Mataifa mawili hayajawahi kukaa meza moja, neno moja, na kwenye makumbusho yote mawili linaongoza kwenye kitu kile kile: nyumba ya zamani, vyombo vyake, na nani alikaa wapi.

Sasa nguo. Dalarna haina vazi moja, kila parokia ina lake, na mtu wa kule anatambua kijiji kwa mshono. Mshonaji wenu atafute la Rättvik: sketi nyeusi yenye kipande cha mistari ya kulala mbele. Wengi hudhani ni aproni. Siyo, kipande hicho kimeshonewa kwenye sketi yenyewe, hakifunguki. Halafu aende kwenye la Leksand, ambako aproni ni nguo ya pekee, na rangi yake hubadilika kwa kufuata kalenda ya kanisa. Mwanamke aliyevaa aproni ya siku isiyo yake alionekana kabla hajafika mlango wa kanisa. Leso yetu husema kwa maandishi, ile husema kwa rangi.

Aangalie pia mfuko wa kufunga kiunoni. Sketi hazikuwa na mifuko ndani, kwa hiyo mfuko ulishonwa peke yake, ukatiwa viraka vya kitambaa cha rangi na kuning'inizwa ubavuni. Ni kazi ya mabaki, inafaa sana darasani: kipande cha ngozi au kitambaa kizito nyuma, viraka mbele, ukingo umefungwa kwa utepe ili usichanike. Kwenye kioo tazameni ukingo, ndiko fundi mzuri anakojulikana. Ila taa za vyumba vya nguo huwa hafifu kwa makusudi, mwanga hula rangi. Zimeni mwako wa kamera na msogeze simu karibu na kioo, sawasawa nacho, ili usipige kivuli chako.

Halafu picha za ukutani. Wachoraji wa Leksand na Rättvik, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi karne ya 19, walichora habari za Biblia kwenye karatasi na vitambaa vya kutundika, na wakawavika watu wa Biblia nguo za kijijini kwao. Wanawali kumi wamevaa kama mabibi wa parokia. Juu yao kuna ua kubwa lisilo la dunia hii, linalopanda na kujikunja mpaka linajaza ukuta. Linaitwa kurbits. Asili ya jina ni mmea wa jamii ya kibuyu, ule uliomtilia Yona kivuli. Nawaambia nyinyi mnaotoka kwenye nchi ya vibuyu: simameni hapo. Petali nyingi zimechorwa kwa brashi moja iliyochovywa rangi mbili, upande huu nyeupe upande ule bluu. Mkono ukipita mara moja, kivuli na mwanga vinatoka pamoja. Ikirudiwa mara ya pili rangi zinachanganyika na inakuwa tope. Mbinu hiyo hiyo ndiyo inayopaka hatamu na tandiko la farasi wa mbao.

Chumba cha kazi cha Selma Lagerlöf pia kimewekwa humo, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya Fasihi, 1909, naye aliishi Falun miaka kadhaa. Dakika tano zinatosha, isipokuwa kama unapenda makabati ya vitabu.

Maelezo mengi ukutani ni ya Kiswidi. Pakueni Kiswidi kwenye programu ya tafsiri mkiwa bado na waifai ya wenyeji, ndipo kamera isome vibao bila bando.

Rangi_Lurambi, Kakamega

Hakuna aliyegusa rangi, na ndiyo ambayo mtaiona kuliko kitu kingine chochote. Nyumba nyingi nyekundu za Uswidi mnazoziona kwenye kalenda zimepakwa Falu rödfärg, na unga wake unatoka kwenye takataka za mgodi huo huo. Mawe yenye shaba kidogo yalitupwa, yakaoza kwa hewa na maji kwa miaka, udongo wa chuma uliobaki ukaoshwa, ukachomwa, ukasagwa. Mawe ya manjano yakichomwa yanakuwa mekundu, na moto ukizidi rangi inaelekea hudhurungi. Ni ndugu wa ngeu ya seremala.

Inavyopikwa kienyeji, kwa pipa moja: maji kama lita 50, vitrioli ya chuma kilo 2, unga wa rai (nafaka ya jamii ya ngano) kilo 3 hivi, rangi ya unga kilo 8. Chemsha maji, yeyusha vitrioli, nyunyiza unga wa rai polepole huku ukikoroga, uache uchemke robo saa au zaidi mpaka uwe uji mwepesi, ndipo umimine rangi na kuendelea kupika. Wengine huongeza mafuta ya kitani mwishoni. Aliyewahi kusonga uji wa wimbi anajua kosa ni wapi: ukimwaga unga wote mara moja unapata madonge, na madonge hayo yataziba brashi na kuacha mabaka ukutani. Vitrioli inazuia ukungu na kuvu, uji ndio gundi.

Kabla mtu hajarudi na wazo la kupaka darasa: rangi hii inataka mbao iliyopasuliwa kwa msumeno na kuachwa na manyoya yake. Mbao iliyopigwa randa haiishiki vizuri. Juu ya rangi ya mafuta haikai kabisa, na mabati sahau. Kwenye mbao inayoifaa inapumua, maji yakiingia yanatoka, kwa hiyo haivimbi wala kubanduka kama ngozi ya nyoka. Inachakaa kwa kuwa vumbi. Ukitaka kupaka upya unapitisha brashi ya waya, unapaka, umemaliza. Ukiegemea ukuta wake na koti, utaondoka na ushahidi mgongoni.

Matembezi ya bure: mitaa ya zamani ya wachimbaji, Elsborg na Östanfors, nyumba za mbao zote nyekundu. Kati ya mitaa mtaona vilima vyeusi visivyo na maana. Hayo ni mavi ya tanuri, yaani takataka za kuyeyushia shaba, karne kwa karne. Mawe yalichomwa nje kwanza ili salfa iondoke, na moshi wake uliua majani pande zote za mji. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipita hapo 1734, na alichokiandika kuhusu moshi huo na kazi ya chini si cha kumtia mtu hamu ya ajira.

Langas_Mizigo, Eldoret

Ya pesa. Msibebe taslimu nyingi, na sehemu nyingi hawazipokei kabisa. Kadi ya Visa au Mastercard ya benki yenye namba ya siri, basi. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inafaa kukatia tiketi za treni na mgodi mkiwa bado Nakuru, lakini msiitegemee kwenye mashine ya dukani. Mtasikia watu wakisema "Swish". Ni kama M-Pesa yao, ila inataka akaunti ya benki ya Uswidi, msijisumbue nayo.

Farasi wanachongwa kijiji cha Nusnäs, karibu na Mora. Kutoka Falun ni karibu kilomita 90, na hiyo ni sikukuu. Kwa siku moja na nusu msiende. Karakana zikiwa zimefungwa mtakuwa mmetumia nusu siku kutazama dirisha. Hata farasi mkubwa wa zege wa mita 13 aliye Avesta ni wa kupiga picha tu, hakuna fundi anayejifunza kitu pale.

Mkinunua visu vya Mora, vile vya mpini mwekundu, viwekeni kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Kwenye begi la mkononi vinachukuliwa mlangoni na havirudi.

Kondele_Juakali, Kisumu

Kwa Nusnäs nakubaliana. Lakini seremala akiwa na siku nyingine yoyote ya juma, aende. Kazi imegawanywa kama jua kali yetu: mmoja anapasua mbao kwa msumeno, wengine wanachonga kwa kisu kwa mkono, ndiyo maana hakuna farasi wawili wanaofanana masikio. Kisha kuchovya rangi ya kwanza, kuziba nyufa, kupiga msasa, kupaka rangi ya mwisho, kuchora hatamu, vanishi. Saa za ukutani za Mora zilitengenezwa hivyo hivyo kijiji cha Östnor: nyumba hii inayeyusha, ile inakata meno ya gia. Uliza kwenye Dalarnas museum kama ipo moja iliyofunguliwa mgongo.

FundiSection58, Nakuru

Wenyeji wamejibu: Alhamisi mchana tumepewa, na Jumamosi tumepata ziara ya mgodi ya 11:00, yaani saa tano, nimeiandika kwa herufi kubwa. Ijumaa wanatupeleka kwenye kitu wanachokiita hembygdsgård. Ndiyo nini, na seremala abebe nini?

DungaMashariki, Kisumu

Ni boma la makumbusho la kijiji. Nyumba za kale za magogo zimekusanywa uwanja mmoja, kwa kawaida wanakijiji wenyewe ndio wanaoutunza, na kiingilio mara nyingi hakuna. Hapo ndipo mlingoti wa majani na maua husimamishwa siku ya Midsommar, kwa fito ndefu zilizofungwa pamoja juu kama mkasi na amri za kupokezana. Watu wa vyuma wataipenda hesabu yake. Kaeni mbali na upande unaoweza kuangukia.

Seremala abebe futi, penseli na daftari la mistari ya mraba. Asianze na nyumba kubwa. Aende kwenye ghala dogo la nafaka lililosimama juu ya miguu, linaitwa härbre. Limeinuliwa ili panya wasipande, kama dero la Kijaluo lilivyoinuliwa juu ya mawe, ila hili ni la magogo mazito. Alale chali chini yake, atazame mguu unavyokutana na gogo la kwanza.

Kisha apige magoti kwenye kona. Magogo yamekatwa ncha zikakumbatiana, na kila gogo limechongwa mfereji upande wa chini ili likalie mgongo wa lile lililo chini yake, katikati pakajazwa kuvumwani. Apime kina cha mfereji na upana wa mkato, achore sehemu tatu: mbele, ubavu, juu. Mwisho achungulie juu ya fremu ya dirisha au mlango. Atakuta nafasi iliyoachwa wazi na kufunikwa kwa ubao. Magogo hukauka na kunywea, ukuta unashuka, na pasipo nafasi hiyo uzito wote ungekalia fremu na mlango usingefunguka tena. Aipime nafasi hiyo na urefu wa ukuta kutoka chini hadi hapo, aandike namba zote mbili pamoja.